Mwandishi Anapogeuka Fanani: Mark Twain Mbele ya Dickens

Wanafunzi wetu huzoea kugawa fasihi mafungu mawili: simulizi yenye fanani na hadhira, na andishi yenye mwandishi na msomaji. Makala haya yanaangalia waandishi wawili wa ucheshi wa karne ya 19 waliouvuka mpaka huo kwa jasho.

Charles Dickens wa Uingereza alisoma hadharani mara ya kwanza mwaka 1853 mjini Birmingham, kwa ajili ya hisani. Kuanzia 1858 alisoma kwa malipo. Kati ya Desemba 1867 na Aprili 1868 alisoma mara 76 nchini Marekani, na mjini New York watu walikesha kwenye foleni usiku wa baridi wakisubiri tiketi. Wengi walikwishavisoma vitabu vyake. Walichofuata ni sauti. Hata hivyo, Dickens hakusoma kitabu kama kilivyochapwa. Alifupisha sura, akabadili maneno na kuandika pembezoni maelekezo ya sauti na ishara.

Miongoni mwa waliomsikiliza katika ukumbi wa Steinway, New York, alikuwepo Mark Twain, kijana wa miaka 32. Aliliandikia gazeti moja la San Francisco kwamba amevunjika moyo: aliona usomaji ule hauna mabadiliko ya kutosha ya sauti wala hisia za kweli. Twain alikuwa tayari mhadhiri wa kuchekesha tangu 1866, lakini kuhutubia na kusoma kitabu ni kazi mbili tofauti.

Tofauti hiyo aliionja mwaka 1884, alipofunga safari ya kusoma kazi zake pamoja na mwandishi George Washington Cable. Kama alivyoeleza baadaye, alianza kwa kusoma kitabuni, na mambo yaliyochekesha kwenye karatasi yakapoa ukumbini. Aligundua kwamba sentensi ya kitabu ni ngumu mdomoni. Sharti ivunjwe na kulegezwe ugumu wake hadi ifanane na mazungumzo. Akaacha kitabu, akakariri, na hadithi zikaendelea kubadilika usiku baada ya usiku. Aidha, alithamini sana kituo: kimya kabla ya neno la kuchekesha kikizidi au kikipungua, kicheko hufa.

Ujuzi huo ulimwokoa. Kampuni yake ya uchapishaji ilifilisika mwaka 1894. Mwaka uliofuata, akikaribia miaka 60, alianza kuzunguka Australia, New Zealand, India na Afrika Kusini akisimulia jukwaani, na kufikia 1898 alikuwa amelipa madeni. Mwaka 1907, akikumbuka usiku ule wa Dickens, alimsifu: hakusoma tu, bali aliigiza, na ukumbi ulitekwa. Hukumu ya kijana ilikuwa imebadilika.

Sisi walimu tuna la kujifunza hapa. Mwanafunzi huinamia kitabu, akasoma kifungu cha kuchekesha kwa pumzi moja. Darasa likinyamaza, tunadhani mwandishi hachekeshi. Tumpe ukurasa mmoja siku mbili kabla. Tumruhusu kupunguza maneno, kuweka alama za vituo na kuinua macho. Kisha darasa lilinganishe matini iliyochapwa na ile iliyosikika, na kueleza kila badiliko lilihitajika kwa nini. Hilo ni somo la mtindo, la matamshi na la fasihi kwa kipindi kimoja.