Kitambi cha Dereva, Ngazi za Makanga

Ukitaka kujua jinsi mazoezi yalivyoingia kwenye vitabu vya madaktari, usianzie jimu. Anzia kwenye basi la ghorofa, London, mwishoni mwa miaka ya 1940.

Vita vilikuwa vimeisha, lakini ugonjwa wa moyo ulikuwa unaua wanaume wengi na hakuna aliyejua vizuri kwa nini. Daktari Jerry Morris na wenzake wakatafuta watu wanaofanana kwa mengi isipokuwa kazi. Wakawapata ndani ya gari moja. Dereva alikaa karibu zamu nzima. Makanga alipanda na kushuka akikusanya nauli, vipandio kati ya 500 na 750 kwa siku.

Mwaka wa 1953 matokeo yakatoka katika jarida la The Lancet: makanga waliugua moyo mara chache kuliko madereva, na walioupata haukuwaua kwa urahisi hivyo. Kwa watu wa posta ikawa vilevile. Wapeleka barua, wa miguu na wa baiskeli, waliwashinda makarani wa ofisini.

Sasa swali likaja: je, kama ni wanene ndio wanaochagua kuendesha? Morris hakulikwepa. Mwaka wa 1956 akachapisha utafiti wa sare za kazi, maana kampuni ilikuwa na saizi za suruali za kila mtu. Kweli, viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi, hata vya madereva vijana. Kumbe wengine walikuja na vitambi vyao tayari. Lakini baadaye, mwembamba alipolinganishwa na mwembamba na mnene na mnene, makanga bado alikuwa na nafuu.

Hapo ndipo watangazaji wa chai ya kupunguza tumbo hawataki ufike. Kitambi ni dalili ya kuangaliwa, sawa, lakini mwili unaosonga unafaidika hata kabla kitambi hakijaisha. Na yule dereva hakuwa mvivu. Alikuwa kazini, na kazi yenyewe ilimfunga kwenye kiti.

Baadaye London iliwaondoa makanga karibu wote, dereva akabaki peke yake. Ndiyo hadithi ya miji mingi: kazi inatunyang'anya mwendo, halafu tunauziwa mwendo huohuo kwa mwezi, na asiye na pesa ya jimu anachekwa.

Hapa Nairobi makanga bado ananing'inia mlangoni, lakini wengi wetu tumekalia kiti cha dereva: dawati, boda, simu. Kwa hivyo shuka stage moja kabla ya yako. Lifti ikiwa na foleni, panda ngazi, polepole tu. Morris mwenyewe aliupenda mwendo hadi uzeeni, na alifariki mwaka wa 2009 akiwa na miaka 99. Hiyo peke yake si ushahidi, lakini vile vipandio 500 ni ushahidi, na havina ada ya kujiunga.