Waliuza Haki ya Kujenga, Wakabaki na Mashamba

Mtu wa Mombasa hashangai kusikia nyumba ni ya huyu na kiwanja ni cha yule. Nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida pale. Mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi, lakini kuta na paa ni mali yake, anaweza kuziuza au kuwarithisha wanawe. Wazo kama hilo, kwamba haki zilizomo ndani ya ardhi zinaweza kutenganishwa, ndilo lililookoa mashamba ya kaunti ya Montgomery, jimboni Maryland, Marekani.

Kaunti hiyo imepakana na Washington. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji mkuu ulifurika watu, na nyumba zikaanza kuyala mashamba. Mwaka 1964 wakuu wa mipango walichora ramani nzuri: mji ukue kufuata barabara kuu na reli, na katikati yabaki mashamba. Lakini ramani haimzuii mnunuzi mwenye fedha. Katika miaka ya 1970 ikawekwa sheria ya nyumba moja kwa kila ekari 5, nayo ikazidisha hasara. Ekari 5 ni uwanja mkubwa mno kwa familia ya mjini, na ni ndogo mno kwa mkulima wa mahindi na ng'ombe. Ardhi ikaliwa kwa kasi zaidi.

Njia ilikwisha kuonekana New York, ambako mwenye jengo la kihistoria aliruhusiwa kuhamishia kiwanja kingine ghorofa alizokatazwa kujenga juu yake. Mwaka 1978, katika kesi ya kituo cha reli cha Grand Central, Mahakama Kuu ya Marekani iliunga mkono katazo la jiji, na ikasema haki hizo za kuhamisha zinampunguzia mwenye mali mzigo.

Miaka miwili baadaye Montgomery ikalipeleka jambo hilo shambani. Bodi ya mipango, chini ya mwenyekiti wake Royce Hanson, ilipendekeza hifadhi ya kilimo ya takriban ekari 93,000, karibu theluthi ya kaunti nzima. Humo ndani, nyumba moja tu kwa kila ekari 25. Wakulima walikuwa na haki ya kulalamika. Shamba ndilo pensheni ya mkulima, na ndilo dhamana yake benki. Kumwambia asijenge ni kumpunguzia mali aliyoitolea jasho.

Kwa hiyo waliachiwa hesabu ya zamani. Tuseme mtu ana ekari 100. Kwa sheria mpya atajenga nyumba 4, lakini anapewa haki 20, moja kwa kila ekari 5. Akibakiza 4 za nyumba zake, 16 anaweza kumuuzia mjenzi. Mjenzi anazipeleka kwenye eneo lililotengwa kuzipokea, na huko anaruhusiwa kujenga nyumba nyingi kuliko kawaida. Mkulima naye anasaini hati inayosajiliwa pamoja na ardhi. Hata shamba likiuzwa mara kumi, sharti linabaki nalo.

Hapo ndipo ninapoona uadilifu wa mpango huu. Fidia haikutoka kwenye hazina ya kaunti. Aliyelipa ni yule aliyepata faida ya kujenga.

Ugumu ulikuwa upande wa pili. Waliokaa karibu na maeneo ya kupokea hawakufurahia kuongezewa majirani, na chama cha wakazi kikaenda mahakamani. Mwaka 1987 mahakama ya juu ya Maryland ilisema kaunti ilikosea: idadi ya nyumba katika maeneo hayo haiwezi kuamuliwa na mpango wa bodi, lazima iwekwe na baraza la kaunti katika sheria ya matumizi ya ardhi. Baraza likarekebisha sheria, na biashara ikaendelea. Atakayeiga mfano huu aanze hapo, kwa sababu haki isiyo na pa kupokelewa haina mnunuzi, na mkulima hubaki na karatasi.

Leo, upande wa Poolesville, pasipofika kilomita 60 kutoka Washington, mahindi na soya bado hupandwa. Kwa njia hii peke yake, zaidi ya ekari 50,000 zimefungwa kwa hati ili zibaki mashamba.