Akiba ya nyumbani kabla ya mafuriko

Mvua kubwa zilizonyesha jijini Dar es Salaam Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 na kuwaacha maelfu bila makazi, hususan katika bonde la Mto Msimbazi. Kwa kaya zilizoko mabondeni, maandalizi hayana budi kukamilika kabla ya masika, ambayo kwa kawaida hunyesha kati ya Machi na Mei.

La kwanza ni maji. Mtu mmoja huhitaji takriban lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia. Hivyo, familia ya watu 5 itahitaji lita 60 kwa siku 3, yaani madumu 3 ya lita 20. Maji ya kisima kilichoingiliwa na mafuriko huweza kueneza kipindupindu, hivyo yasinywewe bila kuchemshwa.

Vyakula visivyohitaji kupikwa, tochi, redio ya betri na dawa za wagonjwa viwekwe mahali pa juu. Vyeti na hati za nyumba vihifadhiwe katika chombo kisichopenya maji.

Hata hivyo, maji yakianza kupanda, watoto, wazee na wagonjwa waondolewe kwanza. Mizigo isimcheleweshe mtu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.