Jicho la Mizinga Juu ya Rufiji

Wanaosimulia marubani wa kwanza wa vita hupenda habari za ndege kukimbizana angani kule Ufaransa. Mimi niliyekula mkate wa redio ya meli mpaka nikastaafu namweka mbele John Tulloch Cull, ofisa wa anga wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye vita vyake vya mwaka 1915 vilikuwa hapa kwetu Rufiji.

Manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus bandarini Unguja Septemba 1914, kisha ikajificha ndani kwenye mikoko ya delta, ambako manowari kubwa za Waingereza zisingepita kwa uchache wa maji. Raia mmoja, Dennis Cutler, aliigundua kwa ndege, lakini Desemba akatekwa. Cull akaja Februari na Sopwith mbili za kutua majini, kituo kikiwa kisiwa cha Nyororo. Joto likazishinda. Gundi ya rafadha iliachia, na ndege ikishapakiwa mafuta na mabomu haikutaka kupaa. Zikaletwa Short chakavu kutoka Bombay, nazo zilijikongoja chini sana, zikawa shabaha ya bunduki za kawaida. Kwa ndege ya namna hiyo Cull aliipiga picha Königsberg mwezi Aprili, akarudi na injini iliyojeruhiwa kwa risasi.

Juni mambo yakabadilika. Mafia ukawekwa uwanja, zikaja Henri Farman na Caudron, na kutoka Malta zikawasili Severn na Mersey, meli za mizinga zinazoelea kwenye maji machache. Lakini wapigaji wake waliona miti tu. Ilibidi mtu wa juu awatumie kwa morsi: umezidisha, umepunguza, kulia, kushoto. Tarehe 6 Julai meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, na aliyekuwa angani hakuweza kujua kombora lililoanguka ni la nani. Tarehe 11 wakapiga kwa zamu, na hapo nasema ndipo vita vya Rufiji vilipoamuliwa.

Siku hiyo Cull aliendesha Farman, na Mkanada H. J. Arnold alishika kidude cha morsi. Severn ilipoanza kulenga sawasawa, ndege ikapigwa, injini ikaharibika. Cull akaielekeza kwa meli zao, ikishuka bila nguvu, wala Arnold hakuondoa mkono kwenye kidude. Aliwaarifu kwamba makombora yote yanaangukia upande wa mbele. Wapigaji wakayasogeza katikati ya Königsberg. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote kwenye kiti kilichotulia. Kuhesabu sawa huku mto unakupandia usoni ni ujasiri ninaouinamia.

Ndege iliangukia majini karibu na Mersey. Arnold alirushwa nje. Cull alinaswa na mikanda, akajikwanyua chini ya maji. Mashua ikawaokoa, na wote wawili wakapewa nishani ya DSO.

Kwa mapigo hayo, Kapteni Looff wa Königsberg aliilipua meli yake mwenyewe. Mizinga yake 10 ikaopolewa mtoni, ikafungwa magurudumu, ikaendelea kupigana bara chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani.