Dau la Mnyonge Katika Bahari ya Mawimbi

Wahenga wa pwani walinena kuwa dau la mnyonge haliendi joshi. Historia ya redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wawasilianao kwa mapenzi na si kwa malipo, ina ukurasa unaoujaribu usemi huo.

Mwaka 1912 Marekani ilitunga sheria iliyowasukuma wanaridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na kushuka chini. Mawimbi mafupi kiasi hicho yalidhaniwa hayafai kitu kwa masafa marefu. Ilikuwa sawa na kumgawia mtu shamba la mawe. Lakini Desemba 1921 Paul Godley, aliyetumwa na chama cha ARRL cha Marekani, alipiga hema Ardrossan, pwani ya Uskochi, akazinasa ishara za wenzake walio ng'ambo ya Atlantiki. Tarehe 28 Novemba 1923, Fred Schnell wa Connecticut na Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, wakajibizana kwa mawimbi ya takriban mita 110. Siri ilikuwa juu angani, ambako tabaka la hewa lenye chembe za umeme huyarudisha mawimbi mafupi ardhini, mbali na yalikotoka. Shamba la mawe likaonekana kuwa na dhahabu.

Na dhahabu haikosi wagombezi. Bendi ya mita 40 ni mfano ulio wazi. Kwa miongo mingi wanaridhaa wa Ulaya na Afrika walibanwa baina ya kilohezi 7000 na 7100, na juu yao yakinguruma matangazo ya mataifa, yenye mitambo ya mamia ya kilowati. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2003 uliamua kuwa watangazaji wauachie ukanda hadi kilohezi 7200 ifikapo tarehe 29 Machi 2009. Hata baada ya nafasi kuongezeka, siku za mashindano bendi hiyo hufurika sauti kama soko la Darajani usiku wa kuamkia Idi.

Penye kelele, wengi hupaza sauti. Wachache walichagua kinyume. Katika vifupisho vya wapiga telegrafu, QRP ni swali: je, nipunguze nguvu? Mwaka 1961 chama kilichobeba jina hilo kilianzishwa Marekani, kikiwataka wanachama wasizidi wati 100. Baadaye kipimo kikashuka hadi wati 5. Mwaka 1974 kasisi wa Kiingereza, George Dobbs, alianzisha chama cha G-QRP na jarida lake dogo, SPRAT, ambalo jina lake kwa Kiingereza ni la samaki mdogo mfano wa dagaa. Jarida hilo lilifunza watu kuunda mitambo kwa mikono yao, kwa vipande vichache na gharama ndogo.

Hesabu haiwatupi wanyonge hawa. Kuteremka kutoka wati 100 hadi 5 ni kupunguza nguvu mara 20, ila kwenye kipimo cha mpokeaji ishara hushuka daraja mbili na ushei tu. Kilichobaki ni adabu na subira. Mwenye wati 5 husikiliza kwanza. Huuliza kama mahali pana mtu. Hutumia nukta na mistari ya Morse, ambayo hupenya palipo finyu kuliko sauti. Na aghalabu humjibu anayeita badala ya kuita yeye. Akipatikana mwenzi, hupeana jina, mji, hali ya hewa na namna wanavyosikizana, kisha huagana kwa tarakimu 73, salamu ya kale ya wapiga telegrafu.

Mazungumzo hayo mepesi yana uzito wake. Bendi haina kuta, na anayeongeza nguvu huwafunika wengine hata asipokusudia. Anayepunguza huacha nafasi, naye hutegemea hisani ya sikio la mbali litakalojisumbua kumtafuta chini ya makelele. Ndiyo maana mawasiliano ya namna hii huwa kazi ya wawili: mmoja akinong'ona, mwingine akinyamaza ili asikie.

Wahenga hawakukosea. Dau la mnyonge haliendi joshi kwa nguvu zake. Huenda kwa kuujua upepo, na kwa kupishwa na majahazi.