Kutoa Upepo Kwenye Breki

Kutoa upepo kwenye breki ni kuondoa mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya breki za mafuta, ili nguvu ya kidole ifike yote kwenye diski. Mafuta hayashindiliki kirahisi, hewa hushindilika. Povu dogo likijificha kwenye paipu, mkono wa breki ukibanwa ndilo hubanwa kwanza, na pedi huchelewa kuigusa diski. Mkono huwa laini kama sponji na hukaribia kugusa usukani. Ukipampu mara mbili tatu unakuwa mgumu, kisha unalegea tena. Kwa baiskeli ya mlimani inayoteremka makorongo, hiyo si dalili ya kupuuza.

Kiingereza huiita kazi hii kwa kitenzi cha kutokwa na damu. Kuitafsiri kuwa “kuvujisha breki” kungempotosha msomaji, maana breki inayovuja ni breki mbovu. Lugha ya gereji imefanya vizuri zaidi kwa kutaja kinachotolewa. Vitabu hupenda “hewa”, mafundi husema “upepo” kama wanavyosema kwenye matairi, na hapo pana mtego: mwenye baiskeli akiambiwa “toa upepo” tu, ataanza na tairi. Maneno “kwenye breki” hayafai kuachwa.

Msamiati mwingine uliorithiwa kutoka breki za waya ni “kukaza breki”. Waya ukilegea hukazwa. Breki ya mafuta haina cha kukaza namna hiyo. Sili ya mpira inayoizunguka pistoni hupinda kidogo breki inapobanwa, na ikinyooka huirudisha pistoni nyuma. Pedi zikilika, pistoni huteleza mbele ndani ya sili na kubaki karibu zaidi na diski, kwa hiyo breki hujirekebisha yenyewe. Kinachobaki kwa fundi ni kuweka umbali wa mkono kutoka kwenye usukani na kuiweka kalipa, yaani sehemu inayobeba pistoni na pedi, katikati ya diski: bolti zake mbili hulegezwa, mkono hubanwa, na bolti hukazwa mkono ukiwa bado umebanwa. Diski ikiendelea kukwaruza sehemu moja tu ya mzunguko, imepinda.

Katika breki nyingi za Shimano, upepo hutolewa baada ya kuondoa gurudumu na pedi na kuweka kipande cha plastiki kati ya pistoni. Kikombe hufungwa juu ya mkono wa breki, na bomba la sindano lenye mafuta huunganishwa kwenye kalipa. Mafuta husukumwa kutoka chini kwenda juu, njia ambayo hewa yenyewe hupenda kupita. Paipu hugongwagongwa, mkono hubanwa na kuachiwa, mpaka kikombe kisitoe povu. Pedi hukaa mbali na kazi yote hii. Zikilowa mafuta, mara nyingi ni za kutupa.

Neno lenye hatari zaidi ni “mafuta ya breki”, kwa kuwa hubeba vitu viwili visivyopatana. Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia mafuta ya aina ya DOT. Mafuta hayo ya DOT hunyonya unyevu: kwa viwango vya chini vya DOT 4, kiwango cha kuchemka ni nyuzijoto 230 yakiwa mapya, na 155 yakishanyonya maji. Yakichemka huzaa mvuke, nao hushindilika kama hewa. Kuweka aina moja mahali pa nyingine huharibu sili, kwa hiyo fundi husoma kwanza maandishi kwenye mkono wa breki ndipo afungue chupa.