Kibao cha 50: Barabara ya Buha na Bei ya Mwendo

Dereva anayetoka Kasulu kwenda Kibondo hujua kuna trafiki mbele kabla hajamwona. Gari linalokuja humwashia taa mara mbili, naye hukanyaga breki na kupita kijijini taratibu kama anayepita msibani. Akishaipita tochi, ile mashine ya kupimia mwendo, anarudi kwenye 80 au zaidi. Watoto wanaosubiri kuvuka wapo kijiji kile na kijiji kinachofuata. Dereva amepunguza kwa ajili ya askari, si kwa ajili yao.

Ndani ya basi mjadala unajulikana. Mmoja atasema tochi ni mradi wa serikali wa kukusanya hela. Mwingine atasema bila tochi tungekwisha. Wote wana hoja, ila wanaanzia karibu mno. Ili kujua kibao cha 50 kinamlinda nani, inabidi kwanza tujiulize nyumba zile zilifikaje kando ya barabara.

Waha wa zamani hawakuishi hivyo. Kaya zilitawanyika juu ya vilima na migongo ya milima, kila moja katikati ya migomba na mashamba yake. Katika miaka ya 1930 Waingereza, wakipambana na malale, waliwahamisha watu wa Buha, hasa upande wa Kibondo, kutoka kwenye mapori ya mbung'o na kuwakusanya kwenye makazi yaliyofyekwa. Miaka arobaini baadaye ikaja Operesheni Kigoma ya 1972, kabla hata Mwalimu Nyerere hajatangaza, mwishoni mwa 1973, kwamba kuhamia vijijini ni lazima kwa nchi nzima. Vijiji vikapangwa kwa mistari, vingi kando ya barabara, ili shule, zahanati na lori la mazao viwafikie watu.

Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo bado inatumika pamoja na marekebisho yake, ni Sheria Namba 30 ya 1973. Kwa hiyo vijiji vya barabarani na sheria ya barabarani vilizaliwa karibu wakati mmoja. Wakati huo havikugombana. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na mwenye Land Rover aliyefika 50 alikuwa na haraka ya ajabu. Ugomvi ulianza lami ilipoingia kwa vipande: kwanza Kidahwe hadi Kasulu, kisha mradi wa kilomita 260 wa Kabingo, Kasulu na Manyovu, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Barabara ikawa ya kasi, na vijiji kama Makere na Mvugwe vikawa palepale vilipo. Sheria ya Barabara ya 2007 ilikuwa imeshapanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande. Mzee aliyehamishiwa barabarani na serikali akaweza kuambiwa na serikali kwamba ameisogelea mno.

Hiyo ni historia ya nyumba. Ipo pia historia ya kusimamishwa njiani.

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Waingereza wakaiendeleza kwa kodi ya nyumba na kichwa, na asiye na fedha aliweza kudaiwa kwa jasho, ikiwemo kazi ya barabara. Vijana wengi wa Buha walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge kwa sababu ya shilingi hizo. Baada ya uhuru sura zilibadilika, lakini kizuizi kilibaki. Kodi ya maendeleo iliyorudi katikati ya miaka ya 1980 ilifutwa 2003 tu, na wanaoikumbuka wanakumbuka mgambo na swali moja: risiti iko wapi? Mageti ya ushuru wa mazao nayo yaliweka kamba barabarani.

Wakaja wakimbizi: 1972, 1993, kisha 2015, Nyarugusu ilipofurika na Nduta ikafunguliwa upya. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, kiasi kwamba Muha anayesimamishwa njiani huweza kutakiwa athibitishe kuwa yeye si Mrundi. Wakati wa Operesheni Kimbunga ya 2013, iliyowalenga wahamiaji wasio na vibali, swali hilo lilikuwa zito kuliko faini yoyote. Haki iseme pia upande wa pili: kulikuwa na miaka ambayo mabasi ya kwenda Nyakanazi na mapori ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Hapo hakuna abiria aliyeuliza askari yupo kwa faida ya nani.

Basi trafiki wa leo anaponyoosha mkono, ananyoosha mkono uliotangulia kudai kodi, ushuru na utaifa. Akisema shida yake ni usalama wa mtoto, maneno yake yanabeba mzigo wa wote waliosimama pale kabla yake.

Tuangalie sasa faini yenyewe. Kifungu cha 95 cha sheria ile kinamruhusu dereva anayekiri kosa kulipa bila kwenda mahakamani. Anayekana anapaswa kupelekwa mbele ya hakimu. Kwa mwenye basi lililojaa abiria, siku moja ya mahakama ni hasara kuliko shilingi 30,000. Anakiri hata pale anapoona ameonewa. Hivyo wingi wa waliokiri hauthibitishi wingi wa makosa.

Je, fedha zinakwenda wapi? Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilichunguza mji wa Ferguson, Missouri, ikakuta mji unaojiendesha kwa faini huku polisi wakihimizwa kuandika makosa ili bajeti ijae. Kasulu si Ferguson. Faini zetu hulipwa kwa namba ya malipo na kwenda serikali kuu. Halmashauri haipati, wala kituo cha polisi. Kwa hiyo anayesema askari anajaza mfuko wa kituo chake amekosea njia. Kishawishi kiko kwingine: faini rasmi ndiyo dari ya mazungumzo. Ikiwa 30,000, "tumalizane hapa hapa" ina bei yake. Ikipanda, nayo inapanda.

Kishawishi cha pili ni cha hesabu. Mwaka 2021 faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000. Ulikuwa uamuzi wa haki, kwani pikipiki zilikuwa zinaozea vituoni wenyewe wakishindwa kuzikomboa. Lakini badiliko hilo la sheria ya usalama lilikuja na bajeti, ndani ya Sheria ya Fedha. Kwa miaka kadhaa pia, polisi wa Dar es Salaam walikuwa wakitangaza kwa waandishi wa habari mamilioni waliyokusanya barabarani, kama mtu anayetangaza mavuno.

Linganisha na hesabu ya maiti. Kwa mwaka 2016 takwimu rasmi za Tanzania zilitaja vifo 3,256 vya barabarani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria zaidi ya 16,000. Shilingi tunaijua kwa risiti. Waliokufa tunawakadiria.

Hata zile taa mbili za onyo si ujanja wetu. Uingereza, mwaka 1905, wenye magari waliunda chama, Automobile Association, ambacho kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwaonya madereva juu ya mitego ya polisi. Mwaka 1910 mahakama ikasema onyo kama hilo kwa dereva anayekimbia ni kumzuia askari kazini. Lakini tazama jambo moja: onyo hupunguza mwendo. Kama lengo ni mwendo kupungua, askari aonekane wazi, karibu na shule, siku ya mnada. Anayejificha nyuma ya mgomba anahitaji kosa litokee kwanza.

Mimi nipo upande wa kibao cha 50. Watu wa vijiji vile hawakuchagua kuishi barabarani. Waliwekwa, na aliyewaweka anawadai magari yapite polepole. Deni hilo hulipwa kwa matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu, na pia kwa tochi. Ila faini njema ni ile inayopungua mwaka hadi mwaka kwa sababu kosa limepungua. Siku kamanda atakaposimama kutaja vijiji ambavyo havikuzika mtu wa ajali mwaka mzima, na makusanyo yakawa aya ya mwisho, mjadala wa ndani ya basi utakuwa umepata jibu lake.